Aliyesema kwa Pumzi

Pale kwenye kiwanda cha mikate walimwita Pua. Pua yake ilikuwa ndefu kweli, na yeye mwenyewe ndiye aliyeuanzisha utani: alisema pua yake hufika kazini kabla yake, humfungulia mlango na kumwekea kiti. Alikuwa mwokaji hodari, mwenye sauti nene, anayeimba huku akikanda unga, na akirudi nyumbani mchana alinukia chachu na moshi mpaka nyuma ya masikio. Mkewe alikuwa fundi wa kukata vitambaa kwenye karakana ya sare za shule. Kutwa nzima alisimama mbele ya meza ndefu, futi kamba shingoni, akipitisha mkasi mkubwa kwenye mistari ya chaki. Mumewe alimwita Fundi, na baada ya muda kila mtu nyumbani akamwita hivyo, hata mama mkwe. Walikuwa na binti mmoja, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kusoma.

Siku bomba la moshi la tanuri lilipoziba kwa masizi, meneja alisema wamsubiri fundi wa mabati. Pua hakuwa mtu wa kusubiri.

"Ni paa hili, si mlima," alisema, akapanda na fimbo mkononi.

Bati lilikuwa limeliwa na kutu. Wenzake walisikia mlio, kisha wakamwona sakafuni, kichwa kimepiga saruji, na vumbi la paa likimshukia usoni taratibu.

Hospitalini alilala kama gogo kwa majuma. Asubuhi aliyofumbua macho, Fundi alipiga kelele za furaha hadi wagonjwa wa vitanda vya jirani wakampigia makofi. Lakini macho yale yalitazama dari. Hayakumfuata alipopita, hayakupepesa alipoyasogezea kidole. Daktari mkuu wa wodi alimketisha ofisini, akamweleza kwa upole kwamba mumewe sasa analala na kuamka, lakini ndani hakuna anayejua kama ameamka.

"Macho yake yako wazi, mama. Mwenye macho ndiye hayupo."

"Lakini anatoa machozi," Fundi alisema. "Tukimgeuza, machozi yanamtoka. Nimeyaona kwa macho yangu."

"Huo ni mwili tu. Hata wewe moshi ukikuingia machoni, machozi hayakuombi ruhusa."

Alisema hivyo bila kiburi. Aliwahi kuwaona wengi wa namna ile, na aliamini anamtua mwanamke yule mzigo. Fundi naye aliamini. Ilikuwa nafuu kuamini. Tangu mumewe aanguke alikuwa hajalala usiku akafika asubuhi, akijiuliza kama mtu yule anaumwa, anaogopa, anamwita. Daktari alipomwambia kwamba hayupo, alilia sana siku ile, kisha akalala kama mtoto.

Walimrudisha nyumbani na mrija wa kumlishia uliopita tumboni. Wakamweka chumba cha nyuma, chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Mama yake Pua alihamia hapo kuwasaidia. Huyu alikuwa mwanamke wa maneno machache, aliyezaa watoto watano na kubaki na huyu mmoja. Mwezi wa kwanza alimkalia mwanawe kitandani, akimpapasa vidole. Mwezi wa pili alianza kukaa mlangoni. Baadaye akaacha kuingia kabisa. Siku moja alifungua kabati, akatoa suruali, mashati na viatu vya mwanawe, akavigawa kwa vijana wa kiwanda cha mikate.

"Mimi nimeshamlilia," alimwambia Fundi. "Nimelia kilio chote nilichonacho. Kilichobaki mle ndani tukitunze kwa heshima, basi."

Binti naye alikuwa akiota ndoto mbaya, anaamka akilia kwamba baba ana macho ya samaki. Fundi akamkataza chumba kile. Akamshika mabega, akamwambia, "Baba hayupo pale, mwanangu. Pale kuna mwili wake tu. Baba unaye moyoni." Mtoto akaelewa. Kutoka hapo alipita mbele ya mlango ule kama anavyopita mbele ya stoo.

Kisha vikaja vidonda vya kulalia. Kimoja kilichimbika chini ya kiuno, kikawa shimo linaloweza kumeza yai. Nesi wa zahanati alikuja kumfundisha Fundi: osha kwa maji ya chumvi, shika nyama iliyokufa kwa kibano, ikate, jaza bandeji safi. Ganzi hakutaja, na Fundi hakuuliza. Mtu asiyehisi anapigwa ganzi ya nini? Alikuwa na mkono mtulivu, wa mtu aliyeishi na mkasi, na nesi alimsifu. Ikawa kazi ya kila asubuhi kabla ya kwenda karakanani. Alimgeuza mumewe ubavu, akavaa glavu, akakata. Mara nyingine aliibana simu kati ya sikio na bega, akaongea na dada yake huku anakata, na dada yake akisema la kuchekesha alicheka. Aliona jasho likimtoka mumewe kwenye paji la uso. Aliona mshipa wa shingo ukipiga mbio. Alimpangusa jasho, akaendelea. Mwili tu.

Hivyo ndivyo walivyoishi, hadi mwaka wa pili ulipokuwa ukingoni na daktari mgeni akabisha hodi.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, aliyebeba sanduku begani kama la mpiga picha. Alisema anachunguza wagonjwa waliolala muda mrefu bila kusema wala kusogea, na kwamba jina la Pua alilipata hospitalini. Akaomba ruhusa.

"Atapona?" Fundi aliuliza.

"Sikubeba dawa, dada. Nimekuja kusikiliza tu."

"Kusikiliza nini? Huyu hasemi."

"Mwili una milango mingi. Ulimi ukifungwa, mkono ukifungwa, hata macho yakifungwa, pengine kuna upenyo umesahauliwa. Mimi natafuta upenyo huo. Wakati mwingine ni moyo, unabadili mapigo mtu akisikia jambo. Wakati mwingine ni mboni ya jicho. Mimi zaidi naangalia pua."

Fundi alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Basi hapa umefika. Ya kwake ni ya kutosha watu wawili."

Daktari alimwekea mgonjwa mrija mwembamba kwenye tundu za pua, akauunganisha na mashine yenye kioo kidogo. Kwenye kioo ukatokea mstari unaopanda na kushuka: pumzi zake, moja baada ya nyingine, zinafanana kama mishono ya cherehani. Kisha akatoa vichupa. Kimoja kilikuwa kitupu. Kingine kilikuwa na sabuni ya manukato. Cha tatu kilikuwa na kitu kilichooza, na Fundi mwenyewe, aliyesimama mbali, alifunika uso kwa upande wa khanga. Daktari alivisogeza puani kimoja kimoja, bila mpangilio, na kila mara alisubiri. Kwa kichupa kitupu mstari haukubadilika. Kwa sabuni ulipanda kidogo zaidi. Kwa uozo ulikatika katikati, pumzi ikawa fupi, kama mtu aliyefika mlangoni akaghairi kuingia.

"Umeona?" Fundi aliuliza.

"Nimeona. Bado sisemi kitu. Pua yaweza kukataa uvundo hata kama mwenyewe amelala."

Alirudi siku ya pili na siku zilizofuata. Alikuwa mtu wa subira hadi inakera. Alikaa kwenye kigoda, akamwambia Pua kwa sauti ya kawaida, kama anayezungumza na mtu aliyekaa mezani: "Ukisikia nikisema 'vuta', vuta pumzi kwa nguvu puani, mara mbili. Nikisema 'pumzika', usifanye kitu." Akaanza. Vuta. Mstari ukaendelea na mishono yake. Vuta. Hakuna. Pumzika. Vuta. Fundi aliondoka akaenda kazini, akarudi, akamkuta bado anasema vuta, pumzika, vuta.

Siku ya Jumamosi, Fundi akiwa amesimama nyuma ya kigoda na kikombe cha chai mkononi, mstari uliruka. Ulipanda mara mbili mfululizo, mrefu, mwembamba, kama meno ya uma. Daktari hakugeuka. Alisema "pumzika," na mstari ukatulia. Alisema "vuta." Meno mawili. Pumzika, kimya. Vuta, meno mawili. Alirudia hadi chai ya Fundi ikapoa, na mgonjwa alikosea mara chache sana. Hapo ndipo daktari alipogeuka, na uso wake haukuwa na furaha aliyoitarajia Fundi.

"Dada, kaa chini. Mumeo anasikia. Anaelewa. Yupo."

Fundi alikaa. Alitabasamu, tabasamu likabaki peke yake usoni bila kujua liende wapi.

"Tangu lini?"

"Siwezi kujua."

"Tangu leo?"

"Sidhani ni tangu leo. Inawezekana ni tangu alipofumbua macho. Hakuna aliyempa njia ya kusema."

"Juzi asubuhi alikuwepo?"

Daktari alikuwa ameshaona meza ndogo ya kando: kibano, mkasi uliooshwa, mfuko wa bandeji. Alikuwa ameuliza dawa za maumivu anazopewa mgonjwa, akaambiwa hakuna.

"Nadhani alikuwepo," alisema.

Fundi alitoka nje hadi kwenye bomba la uani, akatapika. Alinawa, akatapika tena. Aliporudi, alipiga magoti kando ya kitanda, mdomo wake karibu na sikio la mumewe.

"Ulikuwa unaumwa?" aliuliza. "Nilipokuwa nakukata. Ulikuwa unasikia maumivu?"

Daktari alisema, "Kama jibu ni ndiyo, vuta mara mbili."

Mstari ulipanda mara mbili. Ukapanda tena mara mbili. Ukaendelea kupanda, mbili mbili mbili, bila kuulizwa, hadi daktari akamshika mgonjwa bega na kumwambia, "Tumesikia, baba. Tumesikia. Pumzika."

Kuanzia hapo alipewa dawa ya maumivu. Daktari aliitafuta mwenyewe, akaileta, akaonyesha namna ya kuipitisha kwenye mrija. Lakini kidonda kilikuwa hakijapona. Nyama iliyokufa ilikuwa bado inakufa, na isipokatwa sumu ingepanda mwilini. Asubuhi ya pili yake Fundi alisimama na mkasi mkononi, mkono ambao haukuwahi kutetemeka mbele ya kitambaa wala mbele ya kidonda, na mkono ulikataa. Nesi wa zahanati alikuja kukata yeye. Fundi alikaa upande wa kichwa, akiwa amemshika mumewe mashavu, na alihesabu kila tone la jasho.

Alikuwa amemficha mama mkwe kwa siku mbili. Hakujua aanzeje. Hatimaye alimfuata jikoni, akamkuta anachambua mboga.

"Mama, yule daktari amegundua jambo. Mwanao anatusikia."

Mama mkwe hakuinua uso.

"Anajibu, mama. Tunamuuliza, anajibu kwa pua. Njoo uone."

"Usiniambie."

"Mama..."

"Nimesema usiniambie!" Mama mkwe alitupa kisu kwenye sinia. "Unajua mimi nilisema nini mbele yake? Siku ile alipokuwa na homa, unakumbuka? Nilisimama pale mlangoni nikamwomba Mungu amchukue. Nikasema kwa sauti. Nikasema, huyu ananila, mchukue nipumzike. Sasa unataka niingie nimwambie nini? Hujambo mwanangu? Nguo zake nimezigawa, viatu vyake wanavaa watu. Mwanangu alikufa siku ile kwenye saruji. Nimelia, nimemaliza. Ukimfufua, mimi sina machozi mengine."

Akajifunika uso kwa khanga yake, na Fundi, aliyekuja kutafuta mtu wa kulia naye, alimwacha hapo na mboga zake.

Daktari alileta njia ya herufi. Alizipanga kwa mistari kwenye ubao. Alitaja mstari, mgonjwa akavuta pumzi kwenye mstari anaoutaka. Kisha akataja herufi moja moja, akavuta kwenye herufi yake. Ilikuwa kazi ya kusaga meno. Herufi moja iliweza kula robo saa, na mara nyingi alichoka, pumzi zikarudi kuwa mishono, wakaahirisha. Neno lake la kwanza kuandika lilikuwa na herufi tano, na lilichukua siku mbili: MTOTO.

Fundi alilisoma ubaoni akaziba mdomo. Kwa miaka miwili mtu huyu alikuwa amelala akimsikia binti yake upande wa pili wa ukuta. Alimsikia akijifunza kusoma, akiimba nyimbo za shule, akigombana na bibi yake kuhusu kuchana nywele. Alisikia hatua zake zikifika mlangoni na kupita. Na siku ile Fundi mwenyewe alipomshika mtoto mabega na kumwambia baba hayupo, walikuwa wamesimama hapo hapo kizingitini.

Alimweleza binti jioni, baada ya chakula. Sasa alikuwa mkubwa kidogo, mrefu, na pua ilikuwa imeanza kufuata ukoo. Alisikiliza hadi mwisho.

"Wewe ulisema hayupo," alisema.

"Nilikosea, mwanangu. Madaktari walikosea, na mimi nikakosea."

"Kama yupo, mbona hakuniita?"

"Hawezi kuita. Sauti haitoki."

"Kwa hiyo ananitazamaga?"

"Anasikia tu. Anataka kukusikia."

Mtoto alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta. "Sitaki," alisema. "Mama, naogopa. Sitaki." Na Fundi aliyekuwa amemfundisha kuogopa hakujua namna ya kumfundisha kuacha.

Mtoto alifika mlangoni baada ya juma zima, akiwa na sare ya shule, mfuko mgongoni, tayari kukimbia. Daktari alikuwepo, na mrija ulikuwa puani. Mtoto alishika mlango kwa mikono miwili. Alitazama miguu ya kitanda, si kitanda chenyewe.

"Shikamoo baba," alisema haraka, akageuka, na viatu vyake vikasikika vikikimbia hadi barabarani.

Kwenye kioo mstari ulivurugika. Haukuwa mishono, haukuwa meno mawili. Ulitetemeka, ukapanda, ukakatika, ukapanda tena kwa vipande.

"Analia?" Fundi aliuliza.

"Sijui," daktari alisema. "Sijui kulia kunaonekanaje puani."

Hakurudi tena mtoto. Kila jioni Fundi alimbembeleza, na kila jioni mtoto alisema kesho. Pua hakuandika tena neno lile. Kwa siku kadhaa hakuandika chochote. Daktari alitaja mistari yote, juu hadi chini, na pumzi zikapita zikiwa sawasawa. Fundi alijaribu kumchangamsha. Alimletea mkate wa moto kutoka kiwandani kwao, akamsogezea puani, na mstari ulipanda juu sana, kisha ukashuka na kubaki chini muda mrefu, mpaka daktari akamwomba autoe.

Alhamisi moja Pua alianza kuandika tena. Fundi alikuwa ameomba ruhusa kazini. Herufi ya kwanza ilikuwa A. Baadaye sana, C. Walipumzika, wakamwosha uso, wakamgeuza. H. Fundi alikuwa amesimama, ameukamata ubao kwa mikono miwili kana kwamba ungeanguka. Herufi ya nne ilikuwa A.

ACHA.

"Acha," Fundi alisoma. "Acha nini, mume wangu? Niache nini?"

Daktari alitaja mstari wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Mishono.

"Niache kukuosha kidonda? Vuta kama ni hicho."

Hakuna.

"Niache kumlazimisha mtoto?"

Hakuna.

"Tuache hizi herufi? Umechoka?"

Daktari alimwangalia Fundi, akamwona jinsi macho yalivyokwenda kwenye mrija wa tumboni, ule wa chakula, kisha yakaukimbia. Swali lile lilikaa chumbani kama mgeni ambaye hakuna anayemkaribisha wala kumfukuza.

"Uliza," daktari alisema kwa sauti ya chini.

"Siwezi."

"Niulize mimi?"

"Usithubutu."

Wakakaa. Huenda ilikuwa acha moja kati ya hizo. Huenda neno halikuwa limekwisha, lilikuwa linaelekea kwingine kabisa, kwenye jina la kitu au utani fulani wa zamani. Jua lilihama ukutani kwa jirani. Mgonjwa hakuvuta tena pumzi mara mbili siku ile, na usiku wake homa ilipanda.

Maji yalikuwa yamejaa kifuani. Hospitalini walimfunika uso kwa barakoa ya hewa, na mrija wa daktari haukuwa na pa kukaa. Kwa muda wote aliokuwa huko hakuna aliyeweza kumuuliza kitu. Fundi alikaa kando yake akirudia neno lile kimoyomoyo kwa kila sauti aliyowahi kumsikia nayo: acha ya kucheka, acha ya kukasirika, acha ile laini aliyokuwa akimwambia zamani anapomtekenya. Hakujua ipi ni ipi.

Hakufa. Walimrudisha chumba cha nyuma akiwa mwepesi kuliko alivyoondoka. Daktari alikuja siku hiyo hiyo na sanduku lake, akaweka mrija, akakaa kwenye kigoda. Vuta. Pumzika. Vuta. Mstari ulikwenda kama cherehani iliyoachwa ikijiendea. Alitoa vichupa, sabuni na uozo vilipita puani kama kichupa kitupu. Alirudi tena na tena, na Fundi alimwona daktari akikonda. Siku aliyokuja bila sanduku, Fundi alielewa kabla hajamkaribisha kiti.

"Niambie ukweli," alisema. "Ameondoka?"

"Ukweli ni kwamba sijui, dada. Homa inaweza kuwa imemalizia kilichokuwa kimebaki. Au yupo, ila upenyo umeziba. Au yupo, na hataki tena kujibu. Mstari ni ule ule kwa yote matatu."

"Wewe ni mtaalamu. Chagua moja."

"Nikichagua nitakuwa nimekudanganya kama walivyokudanganya wa kwanza."

Fundi alimchukia wakati ule, kisha chuki ikapita, maana hakukuwa na mtu mwingine duniani aliyelijua neno lile zaidi yao wawili. Walishikana mikono mlangoni. Daktari alikuwa na wagonjwa wengine wa kusikilizwa, mji mwingine, na aliondoka akitembea polepole kando ya ukuta.

Maisha yakarudi kwenye njia yake. Kidonda kilipungua, kikachimbika kingine. Nesi alipoacha kuja, Fundi alichukua mkasi, kwa kuwa hakukuwa na mwingine. Alimpa dawa, akasubiri ikolee, akakata. Hakupokea simu. Karakanani wenzake walipomuuliza mgonjwa anaendeleaje, alisema "yupo," na wao wakaitikia "tunashukuru," wakarudi kwenye vitambaa vyao.

Mchana mmoja aliporudi mapema kutoka kazini alikuta kigoda hakipo jikoni. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi. Mama mkwe alikuwa amekaa kando ya kitanda, amevaa nguo zake za kutokea, amejipaka mafuta, kama mtu aliyekwenda ugenini. Alikuwa ameushika mkono wa mwanawe na kuuweka shavuni kwake, na alikuwa akizungumza. Ilionekana alikuwa amezungumza kwa muda mrefu, kwa sababu sauti ilikuwa imemkauka. Alimweleza kuhusu nguo. Alimtajia nani alichukua shati lipi. Alimweleza kuhusu siku ile ya homa, ya kwanza, neno kwa neno, bila kujipunguzia hata moja, kisha akamwomba msamaha, kisha akaanza upya.

Alipomwona Fundi mlangoni alinyamaza. Alimtazama kama mtoto anayemtazama mkubwa.

"Ulisema ukimuuliza anajibu kwa pua," alisema. "Nimemuuliza kama amenisamehe. Mimi macho yangu hayaoni vizuri. Hebu mtazame wewe. Ananisikia?"

Fundi hakuwa amemweleza kwamba mstari ulikuwa umeacha kujibu. Hakuna mtu aliyemweleza. Alisogea, akainama juu ya mumewe, akaiangalia pua ile ndefu. Pumzi iliingia, ikatoka, ikaingia.

"Anakusikia, mama," alisema. "Amesema ndiyo."

Mama mkwe aliachia sauti ambayo Fundi hakuwahi kuisikia, hata msibani, akaulaza uso wake kwenye kifua cha mwanawe. Fundi alitoka nje. Alifika uani, akafungua bomba, akaacha maji yamwagike kwa nguvu kwenye ndoo ili yeyote aliye ndani, kama yupo, asimsikie akilia.